Maji Hufuata Chumvi

Mabibi na mabwana, wazazi wangu, vijana, na wenzangu wa fani ya afya: nawasalimu, na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu ili tukae pamoja saa hii.

Nimeombwa nizungumzie maji mwilini, na najua wengi mmekuja na swali moja: ninywe glasi ngapi kwa siku? Nitalijibu, ila si sasa. Nikilijibu sasa mtaondoka na idadi tu, na idadi hiyo itawaangusha siku ya jua kali, siku ya homa, na siku mtoto atakapoharisha. Ninachotaka mwelewe kwanza ni hiki: kwa kawaida, kitu ambacho mwili unakilinda kwa ukali kuliko wingi wa maji ni kiwango cha chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji hayo. Maji yenyewe hayana msimamo. Chumvi ilipo nyingi, ndiko yanakoelekea. Ukilishika hilo, kiu, mkojo, jasho, miguu kuvimba, dripu, hadi ile pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari anaochanganyiwa na maji anayeharisha, vyote utavielewa.

Mwanamume mzima wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji, yaani asilimia 60 ya uzito wake. Mwanamke huwa na asilimia 50 hadi 55 hivi, kwa sababu kwa kawaida ana mafuta mengi zaidi, na mafuta hayabebi maji mengi. Msuli ndio wenye maji, karibu robo tatu yake. Mtoto mchanga naye ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Mtu akizeeka misuli inanywea, na akiba yake ya maji inapungua nayo.

Lita hizo 42 zinakaa wapi? Ukiuliza watu, wengi watakuambia kwenye damu. Sivyo. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na majimaji yake, yaani utegili, ni lita 3 na kitu. Theluthi mbili ya maji yote, lita 28 hivi, zimo ndani ya seli. Lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli, na sehemu kubwa ya hizo, lita 10 hadi 11, zimejaa katika nafasi kati ya seli na seli, hazionekani na hazimwagiki hata ukijikata. Kiasi kidogo sana kiko mahali pa pekee: maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, yaliyo ndani ya jicho, na yanayolainisha viungo.

Kwa hiyo moyo unazungusha lita 3 tu za maji kati ya 42. Lakini lita 3 hizo ndizo njia ya kila kitu. Unachokunywa kinapitia hapo kabla hakijafika kwenye seli, na figo zinapotaka kutoa kitu, zinakitoa hapo. Presha yako pia inategemea wingi wa hayo machache. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza lita 2 za damu akawa katika hali ya kufa na kupona, huku bado ana lita 40 za maji mwilini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi binafsi naona ni la ajabu kuliko yote. Katika mwili mzima hakuna pampu ya maji. Moyo unasukuma damu, ni kweli, lakini hakuna seli hata moja inayoshika maji na kuyapeleka huku au kule. Maji yanapita kwenye utando wa seli kupitia vijitundu vya protini vinavyoitwa akwaporini, ambavyo Peter Agre wa Marekani alivitambua mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Kijitundu kimoja hupitisha chembe za maji moja nyuma ya nyingine, mabilioni kwa sekunde, na hakichagui upande. Kinachoamua upande ni chumvi.

Na chumvi, ndugu zangu, ina pampu. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akifanya utafiti kwa mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, alieleza kimeng'enya ambacho sasa tunajua ndicho pampu yenyewe. Inatoa chembe 3 za sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu, mchana na usiku, katika kila seli. Alipata Nobel yake mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Hata ukiwa umelala fofofo, sehemu kubwa ya chakula ulichokula inaunguzwa ili kuendesha pampu hizo. Zikisimama, sodiamu inabaki ndani, maji yanaifuata, na seli inavimba mpaka inapasuka. Basi tukisema mtu yuko hai, mojawapo ya maana zake ni kwamba sodiamu yake iko nje na potasiamu yake iko ndani.

Matokeo ya mpangilio huu yanaonekana wodini kila siku. Ukinywa lita moja ya maji matupu, yakishaingia kwenye damu yanasambaa kote: theluthi mbili zinaingia ndani ya seli, na mishipani hazibaki hata mililita 100. Lakini mgonjwa akitundikiwa lita moja ya dripu ya chumvi, ile yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, maji hayo hayaingii ndani ya seli, kwa kuwa sodiamu yake inakaa nje na kuyashikilia huko. Robo yake hivi inabaki kwenye mishipa. Ndiyo sababu aliyepoteza maji mengi kwa kuharisha hatundikiwi maji matupu. Na maji matupu kabisa yakimiminwa moja kwa moja kwenye mshipa, seli nyekundu za damu zitayafyonza na kupasuka.

Kati ya mishipa na nafasi iliyo nje yake kuna mvutano mwingine, ambao Ernest Starling wa Uingereza aliueleza mwaka 1896. Presha ya damu inasukuma maji yatoke kwenye mishipa midogo kabisa. Protini ya albumini, inayotengenezwa na ini, inayavuta yabaki. Mkitaka kuona mvutano huo umeharibika, mtazameni mtu aliyevimba miguu. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, uhesabu taratibu hadi kumi, kisha utoe kidole. Kwenye mguu mzima ngozi inarudi papo hapo. Kwenye mguu uliojaa maji unabaki mbonyeo, unaweza kutia ncha ya kidole ndani yake, na ngozi iliyouzunguka inang'aa kwa kuvutika. Huenda moyo umechoka na damu imerundikana nyuma yake. Huenda figo zinavujisha albumini kwenye mkojo, au ini limeshindwa kuitengeneza. Kwa mtoto huenda ni utapiamlo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mgonjwa huyo mara nyingi amejaa maji ilhali mwili wake unadhani una upungufu. Figo zinasikiliza kinachopita kwenye mishipa yake, si kilichovimba mguuni. Zikiona damu inayofika ni kidogo, zinashika chumvi, chumvi inashika maji, na uvimbe unazidi. Ndiyo maana daktari humwambia apunguze chumvi kabla hata ya kugusia maji, na humpa vidonge vinavyozifanya figo ziiachie chumvi itoke. Ninawasihi, mzazi wako akiambiwa apunguze chumvi, usimwonee huruma ukamrudishia kwa siri. Hiyo ni sehemu ya dawa.

Mwili unajuaje kwamba chumvi imezidi? Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, na ndani yake zimo seli ambazo kazi yake ni kunywea damu inapokuwa na chumvi zaidi na kuvimba inapokuwa nyepesi. Sodiamu ya damu inatakiwa ikae kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, seli hizo zinanywea na mambo mawili yanatokea. Kwanza, homoni ya vasopresini inaachiwa kutoka kwenye tezi ya pituitari kwenda kwenye figo. Pili, ikiwa ukolevu unaendelea, unasikia kiu. Yaani unapoanza kusikia kiu, tayari figo zako zimeshaanza kubana matumizi.

Hapa lazima nikae kidogo kwenye figo, maana watu huzijua kwa kutengeneza mkojo tu, na mkojo ndio sehemu ndogo kuliko zote ya kazi yake. Figo zako mbili zinachuja takriban lita 180 kwa siku. Utegili wako ni lita 3, kwa hiyo wote unachujwa kama mara 60 kila siku. Katika lita hizo 180, zaidi ya 178 zinarudishwa kwenye damu. Ni kama mtu anayetaka kutupa takataka chache za kabatini: badala ya kuzitafuta moja moja, anatoa kila kitu nje, kisha anarudisha anachokijua. Asichokitambua kinabaki nje. Kwa njia hiyo figo inaweza kuondoa hata sumu ambayo haijawahi kukutana nayo.

Theluthi mbili zinarudishwa mapema, bila kusubiri amri ya mtu: sodiamu inavutwa na maji yanaifuata. Sehemu nyingine inarudi mbele zaidi. Vasopresini inaamua ile ya mwisho. Ndani kabisa ya figo kuna eneo ambalo limefanywa liwe na chumvi kali, mara nne ya damu, na mirija ya mwisho inapita katikati ya eneo hilo. Vasopresini ikifika, akwaporini zinapangwa kwenye kuta za mirija, maji yanavutwa kwenda kwenye chumvi, na mkojo unatoka mchache, wa manjano iliyokolea, pengine nusu lita kwa siku nzima. Vasopresini isipokuwepo, kuta zinabaki zimefungwa na maji yote yanapita. Wapo wagonjwa wasioitengeneza, nao huweza kukojoa hadi lita 20 kwa siku. Huyo akikosa maji ya kunywa usiku mmoja, maisha yake yako hatarini. Homoni hiyo imewahi kutengenezwa maabara na Vincent du Vigneaud, aliyepata Nobel mwaka 1955, na mpaka leo dawa zilizotokana nayo zinaokoa watu wa namna hiyo.

Ule ukali wa mara nne ndio kikomo chetu binadamu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na figo zetu haziwezi kutoa chumvi kwa ukali huo. Aliyepotea baharini akinywa lita moja ya maji hayo, atahitaji zaidi ya lita moja ya mkojo ili aitoe chumvi yake, na maji ya ziada yatatoka kwenye seli zake mwenyewe. Anakunywa na anazidi kukauka.

Upo mfumo wa pili unaotazama ujazo badala ya ukali, nami nitaupitia haraka. Damu ikipungua, figo hutoa renini, ambayo baada ya hatua kadhaa huamsha homoni ya aldosteroni, na aldosteroni inaiamuru figo ishike sodiamu. Damu ikizidi, moyo wenyewe unatoa homoni ya kuachia sodiamu. Adolfo de Bold na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1981, na tangu hapo moyo tunauhesabu kuwa ni tezi pia. Kwa kawaida mifumo hii miwili inapatana. Ikigombana, kwa mfano mtu anapovuja damu nyingi, ujazo ndio unaoshinda: mwili utashika maji hata kama sodiamu inashuka, kwa sababu presha ikianguka hakuna kitakachobaki cha kulinda.

Sasa nalijibu lile swali la glasi. Mtu mzima anayekaa mahali pasipo joto kali hupoteza lita 1 na nusu hivi kwa mkojo, mililita 800 hivi kwa pumzi na ngozi bila kujijua, na mililita 100 au 200 kwa choo. Chakula kinamrudishia sehemu, na mwili wenyewe unatengeneza karibu mililita 300 kwa kuunguza chakula hicho. Kilichobaki ndicho cha kunywa. Lakini akifanya kazi juani anaweza kutoa jasho la lita moja au zaidi kwa saa moja. Kila lita ya jasho inayokauka kwenye ngozi inaondoka na joto la karibu kilokalori 580, na pasipo hilo angeungua kwa ndani. Sasa niambieni, ni idadi gani ya glasi itakayowafaa watu hawa wawili? Haipo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiu ni kipimo kizuri kuliko idadi yoyote, na rangi ya mkojo ni shahidi wake. Kiu ni hodari kiasi kwamba inakatika dakika chache baada ya kunywa, kabla maji hayajaingia vya kutosha kwenye damu. Kinywa, koo na tumbo vinatuma taarifa mapema ili usinywe kupita kiasi.

Wapo wasioweza kuitegemea. Wazee, kwanza. Kiu yao imefifia, figo zao hazibani mkojo kama zamani, na akiba yao ni ndogo. Siku za joto, wapelekee kinywaji mkononi, usisubiri waombe. Mtoto mchanga anasikia kiu lakini hana namna ya kusema. Mgonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake. Mwenye historia ya vijiwe kwenye figo, yeye anywe zaidi ya kiu yake.

Tena kunywa kupita kiasi kunaua. Kwenye mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 walipomaliza, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kiwango. Hawakuwa wamekauka, wengi wao walikunywa mno njiani, wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Damu ikiwa nyepesi, maji yanaingia kwenye seli. Mguu ukivimba una pa kuvimbia. Ubongo umezungukwa na fuvu. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege. Kwa sababu hiyohiyo mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji matupu. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 87 hivi, na chumvi yake imekwisha kupimwa kwa ajili yake.

Nimeacha tumbo mwisho kwa makusudi. Kila siku zaidi ya lita 8 zinapita kwenye utumbo wako: lita 2 ulizokunywa na kula, na 6 au 7 za mate, nyongo na majimaji mengine ambayo mwili wenyewe unamwaga humo. Karibu zote zinafyonzwa tena. Kipindupindu kinavuruga hesabu hiyo. Sumu yake inazifanya seli za utumbo zimwage chumvi bila kukoma, maji yanaifuata, na mgonjwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Kumpa maji matupu hakumsaidii vya kutosha, maana hakuna cha kuyavuta kurudi kwenye damu.

Lakini kuna njia moja ambayo sumu hiyo haiigusi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba utumbo unafyonza glukosi ikiwa imeshikana na sodiamu. Sukari ikiingia, sodiamu inaingia nayo, na maji yanafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya glukosi, chumvi na magadi ya kuokea kwenye maji, akawakabidhi ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mama, kaka na shangazi wenye kikombe mkononi. Mimi sijui habari nyingine katika udaktari inayonigusa kama hiyo.

Kwa hiyo mtoto akianza kuharisha, usisubiri akauke. Pakiti moja ya ORS kwa kiasi kilekile cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na kwa kawaida ni lita moja. Usipunguze maji ili ikolee, maana chumvi ikizidi itayavuta maji kurudi tumboni. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Soda na juisi zenye sukari nyingi huzidisha kuhara, kwa kuwa sukari ikizidi nayo huyavuta maji vivyo hivyo. Baada ya kila choo cha majimaji, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko, polepole, kimoja kila dakika moja au mbili. Aendelee kunyonya na kula, na apate vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Na mchunguze. Finya ngozi ya tumbo lake, kati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, inyanyue, iachie. Inatakiwa irudi mara moja. Ikibaki imesimama kama mkunjo kwa zaidi ya sekunde 2, au macho yamezama, utosi umebonyea, amelegea, au hawezi kunywa, huyo mbebeni sasa hivi mumpeleke hospitali akatundikiwe dripu, na kama anaweza kumeza, mkimnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima.

Ahsanteni sana. Nipo kwa maswali.